MJADALA: Mtu asiye na dalili ana haja gani na saa ya kupima moyo?

Wadau, siku hizi ndugu akirudi kutoka Dubai au Marekani, zawadi ya mzee ni saa inayopima moyo. Nasikia wengi wakisema kila aliyevuka miaka 40 awe nayo. Napinga.

Mtu ambaye moyo humwenda mbio ghafla kisha ukatulia, kifaa hiki ni chake. Akifika hospitali ECG (mchoro wa umeme wa moyo) inatoka safi, anarudi nyumbani na tatizo lake. Akiwa nacho, anagusisha kidole kwa sekunde 30 palepale moyo unapomsumbua, anapata mchoro wa kumwonyesha daktari. Hapo sibishi.

Asiye na dalili je? Saa hizi hutafuta hasa moyo unaopiga bila mpangilio, hali inayoweza kugandisha damu moyoni, bonge likapanda ubongoni na kuleta kiharusi. Denmark walilipima hili kwa wazee 6,000 hivi wa miaka 70 hadi 90, wote wenye hatari ya kiharusi. Robo yao waliwekewa kifaa cha kufuatilia moyo chini ya ngozi. Majibu ya 2021: tatizo liligunduliwa kwa asilimia 32 ya waliowekewa, na asilimia 12 tu ya wenzao wasiowekewa. Lakini tofauti ya viharusi ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kwamba kifaa kilisaidia. Ikiwa wazee wale hawakupata faida ya wazi, kijana wa miaka 35 atapata nini zaidi ya hofu?

Kinachoniogopesha zaidi: saa haitambui shambulio la moyo, Apple wanaotengeneza saa hizo wenyewe wanasema hivyo. Mtu anabanwa kifua, saa inamwambia mapigo ni ya kawaida, anajilalia!

Fedha hiyo mnunulieni mzee mashine ya presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Presha ndiyo inayoongoza kuleta viharusi.

Mchangiaji: Mtoa mada, umesahau vijijini. Mashine ya ECG iko mbali. Mganga wa zahanati akiwa na kifaa cha mfukoni, anamtumia bingwa mchoro kwa simu. Nako unapinga?

Mtoa mada: Hapana ndugu yangu, hapo naunga mkono, maana anayekishika amesomea na kinahudumia kijiji kizima. Ila tujadili kinachofuata. Bingwa akisema mgonjwa aanze warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, lazima damu ipimwe mara kwa mara, vinginevyo dawa hiyo inaweza kumtoa damu hata ndani ya kichwa. Kipimo hicho atakipata wapi, na nauli ya kukifuata ataitoa nani?