Mjadala: Kesi za majeruhi wa reli nchini Marekani zisikilizwe na mahakama ipi?

Wanaotaka kesi hizi zihamishwe kutoka mahakama za majimbo kwenda za shirikisho wana hoja nzito: treni moja huvuka majimbo kadhaa, na si haki kampuni ipimwe kwa vipimo tofauti kila ivukapo mpaka. Hoja hiyo naiheshimu, ila siafiki wanakoipeleka, na sababu yangu ni Minot.

Usiku wa manane wa tarehe 18 Januari 2002, treni ya Canadian Pacific iliacha njia karibu na mji huo wa North Dakota. Matangi matano yalipasuka, na wingu la amonia likazitanda nyumba ambamo watu walikuwa wamelala. Mtu mmoja alifariki na mamia waliumia. Baadhi yao walifungua kesi katika mahakama ya jimbo la Minnesota. Kampuni ikapinga, na mwaka 2006 mahakama ya rufani ya shirikisho ikaamua kwamba kesi ni za mahakama za shirikisho. Huko, kanuni za shirikisho za ukaguzi wa njia, zilizotungwa ili kuwalinda watu, zikawa ngao ya kampuni, na madai yakatupwa kabla juri, yaani raia wanaoteuliwa kuamua kesi, haijasikia ushahidi. Ilibidi Kongresi irekebishe sheria mwaka 2007, tena kwa kuanzia siku ileile ya ajali, ndipo mwaka 2008 kesi zikarudi Minnesota.

Kwa wafanyakazi wa reli, mlango huo wa kuhamisha kesi ulifungwa zamani. Sheria ya mwaka 1908 inamtaka aliyeumia kazini athibitishe uzembe wa mwajiri ili alipwe, mzigo ambao wafanyakazi wengi wa sekta nyingine hawaubebi. Na tangu mwaka 1910, akichagua mahakama ya jimbo, mwajiri hawezi kuihamisha kesi. Kuuondoa uchaguzi huo huku mzigo ukibaki palepale ni kumdhulumu mara mbili.

Tusisahau juri. Katika mahakama za shirikisho uamuzi wake lazima uwe wa kauli moja, isipokuwa pande zote zikubaliane vingine, ilhali Ohio robo tatu ya wajumbe inatosha. Kwa mjane anayedai fidia, tofauti hiyo si ndogo.

Nakubali kwamba wapo mawakili wanaotafuta jimbo lenye juri karimu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilimruhusu mkazi wa Virginia aliyefanya kazi Virginia na Ohio aishtaki kampuni ya reli ya Norfolk Southern huko Pennsylvania. Hata hivyo, hilo ni suala la jimbo lipi, nalo lina dawa yake: mwaka 2017 mahakama hiyohiyo iliwazuia wadai wasioumia Montana wasiishtaki kampuni ya reli ya BNSF huko. Basi wanaotaka kuhamisha kesi zote watueleze: majeruhi wa Minot, walioumia wakiwa vitandani mwao, walikuwa wakikwepa mahakama gani?