Loji ya msituni Saadani, na mama anachoma insulini: tuulize nini kabla ya kulipia?

BintiSaohill
Kamwene wakuu, na wakubwa shikamooni. Mwishoni mwa Agosti tunataka kulala siku tatu kwenye loji ya msituni upande wa hifadhi ya Saadani, kule pwani. Ni zile za mahema makubwa juu ya majukwaa ya mbao: madirisha ya wavu, AC hakuna, umeme wa sola, kuoga kwa ndoo ya kuning'inia. Bei yake inalipa ada ya muhula na chenji inabaki, ndiyo maana mume wangu anauliza tunalipia nini hasa. Tutakuwa sisi wawili na mama yangu, miaka 67, anachoma insulini asubuhi na jioni, na goti moja halimruhusu ngazi nyingi. Tunatoka Mafinga na gari dogo, IST. Barabara ikoje, dawa itakaaje bila friji chumbani, na niwaulize nini kabla sijatuma hela?

GiaYaPili_Kitonga
Dada, tuanze na IST. Hadi Chalinze ni lami, hapo unashika njia ya Segera, unapita Msata, ukifika Mandera unakata kulia. Kutoka Mandera hadi Saadani ni kama kilometa 60 za vumbi. Agosti ni kiangazi, gari dogo hupita likiendeshwa kwa adabu. Kinachowakwamisha watu ni kipande cha mwisho cha kuingia lojini. Kule kuna udongo mweusi wa mfinyanzi: mvua ya nusu saa tu, tope linajaa kwenye matao ya matairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Na penye mchanga hata gari la foo-wili huzama likiwa na upepo wa lami. Wanaojua hushusha upepo hadi PSI 20 hivi, kisha hujaza tena kabla ya kurudi lami, maana tairi laini kwenye mwendo mkali huchemka na kupasuka. Kipande hicho kwa IST usijaribu. Waulize kama wanakuja kuwapokea, gari lenu litalala wapi na nani analilinda, na kama bei ya kuwafuata ni kwa safari au kwa kichwa.

Halafu msilazimishe kufika kwa siku moja. Mafinga hadi Morogoro peke yake ni karibu kilometa 400, na humo kuna malori ya mlima Kitonga na ile barabara inayokatiza hifadhi ya Mikumi, ambako ukigonga mnyama unalipa faini kulingana na mnyama mwenyewe. Na kule Saadani malango ya hifadhi hufungwa saa 12 jioni. Laleni Morogoro, muondoke alfajiri. Kitonga mshuke kwa gia ileile ambayo mngepandia. Breki ikikanyagwa mfululizo inachemka na kuacha kushika, na harufu utaisikia umeshachelewa.

SindanoNaWavu
Dada, la mama ndilo kubwa, nitalieleza kirefu.

Chupa au kalamu ya insulini iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, inakaa kama wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 30. Mafinga mwezi wa nane hilo si tatizo hata kabatini. Pwani mchana joto huelea hapohapo kwenye 28 hadi 30, na ndani ya hema lililopigwa jua hupita. Kwa hiyo ombeni kabla kabisa ikae kwenye friji ya jikoni kwao, na mwandike hivyo kwenye barua ya kuhifadhi nafasi, si kwa mdomo. Itiwe kwenye boksi lenye jina, rafu ya katikati, isigusane na sehemu ya barafu. Insulini iliyoganda hata ikiyeyuka ni ya kutupa. Swali la kuwauliza: friji inawaka usiku kucha au wanaizima jenereta ikizimwa? Zile chupa ambazo hazijafunguliwa ndizo zinazotaka nyuzi 2 hadi 8 muda wote.

Njiani tumieni chupa ya chai yenye mdomo mpana: barafu chini, kitambaa kizito juu yake, dawa juu ya kitambaa. Isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani hata mnaposhuka kula ugali Mikumi. Ile mbinu ya chungu na mchanga mbichi, inayofanya kazi vizuri Dodoma, pwani haipozi sana kwa sababu hewa yenyewe imejaa unyevu na maji hayakauki haraka. Gawanyeni dawa kwenye mikoba miwili.

Unyevu huohuo unaharibu stripu za kupimia sukari. Kifuniko kifungwe papo hapo baada ya kutoa moja, la sivyo kipimo kinasoma uongo na mtu anachoma dozi isiyo yake.

Linalosahaulika ni ratiba ya loji. Safari ya kuona wanyama huanza saa 12 asubuhi, kifungua kinywa ni mkirudi, pengine saa 4. Chakula cha usiku huandaliwa saa 2 na kinaweza kuchelewa. Mama akichoma kwa saa za nyumbani, sukari itashuka porini. Kama insulini yake ni ya kuchoma kabla ya kula, asichome mpaka ajue chakula kinatoka saa ngapi, au waombeni wamtolee chake mapema; loji ya bei hiyo haiwezi kukataa. Joto na kutembea kwenye mchanga navyo huishusha. Mfukoni awe na sukari ya kawaida: vijiko vitatu vya chai vilivyojaa kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15, arudie kama bado iko chini. Dozi yenyewe ajadiliane na daktari wake kabla ya safari.

Malaria: mtu aliyekaa miaka Mufindi mwili wake haujazoeana na ya pwani. Dawa ya kinga iandikwe na daktari, kwa sababu kila moja ina masharti yake. Doksisaiklini, kwa mfano, humezwa kila siku kuanzia siku moja au mbili kabla, na huendelea wiki nne baada ya kurudi. Wengi huacha wakishafika nyumbani, ndipo wanapougua. Homa yoyote baada ya hapo, wiki au hata miezi, mwambieni mganga mlikuwa pwani ili apime malaria badala ya kudhani ni mafua ya baridi.

Mlima_Udz
Kama shida yenu ni msitu, Udzungwa iko karibu zaidi. Mikumi mjini hadi Mang'ula, kwenye lango lake, ni kilometa 60 tu. Lakini kwenye maporomoko ya Sanje ni ngazi na miinuko, goti la mama litalia. Kwa yeye, nendeni pwani.

KoroboiYaMsituni
Mume wako ana haki ya kuuliza. Mnacholipia ni umbali. Kila kilo ya nyama, kila mtungi wa gesi na kila fundi wa pampu anaingia kwa barabara aliyoeleza GiaYaPili, na wageni ni wachache. Dirisha lisilo kioo si uzembe: kwenye unyevu ule chumba cha vioo bila AC kinageuka tanuri, na upepo wa kusi mwezi wa nane unapita kwenye wavu vizuri. Uzembe ni huu: chandarua kifupi kisichoingia chini ya godoro, zipu ya hema isiyofunga, njia isiyo na taa wala mlinzi wa kuwasindikiza usiku. Haya ndiyo ya kudai.

Kuhusu bei, waulize kama ni kwa mtu au kwa hema, kama milo yote imo, kama VAT imo, na loji iko ndani ya mpaka wa hifadhi au nje. Ikiwa ndani mnalipa kiingilio, kinachohesabiwa kwa saa 24. Malipo ya hifadhi ni kwa namba ya kumbukumbu, siyo taslimu. Bebeni vitambulisho vya NIDA, bei ya raia ni tofauti kabisa na ya mgeni.

Goti: uliza jukwaa la hema lina ngazi ngapi na kama zina kishikio. Mahema yanayouzwa kwa picha ndiyo yaliyo juu na mbali. Omba la chini, karibu na sehemu ya kulia chakula.

Umeme: chaja ya simu inakula wati 10 au 20, birika la umeme 2,000, kikaushia nywele si chini ya 1,000. Inveta ya sola inajikata mtu mmoja akichomeka birika, na mnabaki gizani nyote. Ndoo ya kuogea ni lita 20 hivi, dakika nne ukiiacha wazi. Jiloweshe, funga, jisugue, fungua. Maji ya moto yanaletwa kwa saa mliyotaja, basi ya mama yaletwe kabla giza halijaingia.

Chakula chochote chumbani, hata pakiti ya karanga, kinaita ngedere mchana na komba usiku. Komba analia kama mtoto mchanga, mwambieni mama mapema. Nguo za bluu iliyokoza na nyeusi acheni Mafinga, mbung'o wanazifuata.

Ngalawa_Uyole
Niongezee bahari tu. Msitegemee maji ya kijani ya Zanzibar, mto Wami unamwaga tope pale. Angalieni mwezi kabla ya kuchagua tarehe: mwezi mpevu au mwandamo ni bamvua, maji hupwa kama saa 4 asubuhi na kwenda mbali sana, hujaa tena kama saa 10 jioni. Kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Mwezi nusu ni maji mafu, hayapwi sana. Safari ya mashua ya kuona viboko Wami nayo hupangwa kwa maji, msishangae wakiwaambia saa ya ajabu. Mkiingia baharini burutani miguu badala ya kukanyaga, yule samaki taa mwenye mwiba mkiani hulala kwenye tope.

BintiSaohill
Asanteni sana. Nimewaandikia: friji usiku, ngazi, VAT, na kupokelewa Mandera. Wamejibu mawili tu, la ngazi na la VAT.

KoroboiYaMsituni
Usitume hela mpaka wajibu la friji. Anayejua friji yake inawaka hujibu siku hiyohiyo.