Naomba ushauri: Salalah mwezi wa saba na watoto watatu ambao kila mmoja ana mambo yake

MamaWaVitambaa

Assalaam alaykum ndugu zangu, habari za humu.

Niko Unguja. Mzee wangu kastaafu mwaka jana, mimi bado nina kiduka changu cha vitambaa. Watoto wetu watatu. Mkubwa ni binti, ana miaka 32, ni muuguzi Uingereza, huu mwaka wake wa saba. Wa pili wa kiume, 28, yuko Dar kwenye kampuni ya bima na ana mchumba. Wa mwisho, wa kiume pia, 23, kamaliza chuo, anasubiri ajira na yupo nyumbani na sisi. Mara ya mwisho sote watano kukaa mkeka mmoja ni 2019.

Mdogo wangu anaishi Seeb, pale Muscat, Oman. Kila mwaka hunipigia: "Dada, njooni msimu wa kharifu tupande Salalah." Kharifu ndiyo msimu wa manyunyu na ukungu huko Salalah, kusini mwa Oman. Safari hii nimeitikia. Nimeweka kando milioni 15, jasho langu la miaka mitatu.

Nikadhani nikitangaza kwenye kundi la familia patakuwa na vigelegele. Binti kaandika: "Mama, nitoke Uingereza nikaangalie mvua?" Yeye anataka Istanbul. Wa pili kauliza kama mchumba wake amo. Wa mwisho kaweka emoji ya kucheka, basi. Babao kasoma yote, kavua miwani, kasema: "Mimi nakwenda popote penye choo cha kukaa." Ana goti.

Sasa naomba mnisaidie. Nilipe mimi kila kitu au na wao watoe? Huyo mchumba nimfanye nini? Kutoka Muscat tupande ndege au twende na gari kama anavyotaka mdogo wangu? Na Salalah kweli inawafaa vijana, au nishike njia ya Istanbul?

Mkwezi_Makunduchi

Bi mkubwa, unatoka Unguja na minazi yote hii unakwenda kununua dafu Salalah? Na masika tumeyamaliza juzi tu, nguo hazijakauka.

SeebKwaSasa

Huyo mkwezi hajawahi kuwa Muscat mwezi wa saba. Kwenu sasa ni kipupwe, huku jua linapasua mawe. Joto linapita digrii 40, usukani haushikiki, na ukifungua bomba la maji baridi yanatoka ya moto kwa sababu tangi liko juu ya paa. Ukioga mchana unachemka kama muhogo. Halafu unafika Salalah, nchi hiyohiyo, kuna digrii 25, ukungu na manyunyu, milima kijani kibichi. Ni pepo za kusi za Bahari ya Hindi zinapiga ile milima ya Dhofar. Ndiyo maana Waomani, watu wa Imarati, Saudia na Kuwait wanamiminika huko. Kwao mvua ni tamasha. Utaona baba mtu mzima kakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya manyunyu, chupa ya kahawa mbele, hataki hata mwavuli.

Kwa hiyo binti yako hajakosea kwamba ni kuangalia mvua. Kwa mtu wa Uingereza mvua si kivutio, hilo mpe haki yake. Akija, aje kwa ajili yenu, na mumwambie hivyo waziwazi.

Tarehe: kharifu inahesabiwa kuanzia 21 Juni hadi kama 21 Septemba, lakini usije wiki za mwanzo, milima bado ya kahawia. Majani yanahitaji manyunyu ya wiki kadhaa. Mwisho wa Julai na Agosti ndiyo kijani chenyewe, ila ndiyo msongamano na bei za fleti zinaruka. Mimi huenda wiki ya kwanza ya Septemba: kijani bado kipo, jua linaanza kuchungulia, familia nyingi zimesharudi kwa ajili ya shule. Watoto wako hawana shule, nini kinawabana na Julai?

Viza: kila mmoja aangalie kwa paspoti yake mwenyewe, kwenye tovuti ya viza ya polisi wa Oman. Usichukulie kwamba mliotoka tumbo moja mna masharti mamoja, hasa kama binti ana paspoti nyingine. Na paspoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele. Kadi ya homa ya manjano bebeni. Mimi nimewahi kuulizwa, safari nyingine sikuulizwa.

MamaWaVitambaa

Septemba sikuifikiria kabisa mwanangu. Nilishika Julai kwa sababu mdogo wangu kasema Julai.

Dereva_wa_Haima

Kuhusu gari. Muscat hadi Salalah ni karibu kilomita 1,000. Nimeipita mara nne. Mara mbili nilifurahi.

Ukishauacha mji wa Adam hakuna kitu. Jangwa tambarare, barabara imenyooka, macho yanaanza kukudanganya. Haima ni kama katikati, hapo watu wanajaza mafuta, wanaswali, wanakula wali na kuku. Hatari mbili: usingizi na ngamia. Usiku msiendeshe. Ngamia havuki kama mbuzi, anasimama katikati anakutazama.

Uzuri wake ni pale mwisho. Unapita Thumrait, nje bado tanuri, kipoozeo kinalia. Barabara inaanza kushuka mlima, na ghafla ukungu unaingia mbele ya gari kama mtu kafungua mlango wa friza. Ndani ya dakika chache unazima kipoozeo, unafungua kioo, unasikia harufu ya udongo uliolowa. Mara ya kwanza mama yangu alilia. Lakini hapohapo ndipo watu wanagongana, maana wote wamepunguza mwendo ghafla na hakuna anayeona mbele. Washa taa, nenda taratibu, usisimame barabarani kupiga picha.

Mzee mwenye goti asikae saa kumi na zaidi kwenye gari. Yeye na wewe pandeni ndege Muscat hadi Salalah, ni kama saa moja na nusu tu. Vijana na mama yao mdogo waende na gari, waongee mambo yao bila nyinyi. Gari mtalihitaji kule hata hivyo, vivutio viko mbalimbali. Vijana wakishika usukani wakumbuke huko wanaendesha upande wa kulia.

Shangazi_wa_Raskazone

Mwenzangu, mimi nilikwenda ng'ambo na watoto wangu wanne, wote watu wazima, na nikaharibu. Nilikodi nyumba moja kubwa ili tuwe pamoja. Bafu moja. Saa kumi na mbili asubuhi nagonga milango, "amkeni tutachelewa". Siku ya tatu mkwe wangu kavaa viatu kaenda kutembea peke yake, karudi magharibi. Siku ya nne hakuna anayesema na mwenzake, wote wako kwenye simu, na mimi chumbani nalia kwamba nimetumia pesa zangu kununua ugomvi. Mwanangu wa kwanza ndiye aliyeniambia: "Mama, nina miaka 35, nina wafanyakazi tisa chini yangu, na wewe unaniuliza kama nimekwenda haja."

Kwa hiyo chukua fleti mbili zilizo karibu, wala si nyumba moja. Asubuhi kila mtu na ratiba yake, mkutane mchana au jioni kwenye chakula. Na kila mtoto mpe siku moja aipange yeye, mumfuate bila kununa. Hata akiwapeleka kukaa hotelini kuangalia mpira.

Pesa: mimi nasema mzazi alipe paa na gari, mtoto mwenye kazi alipe nauli yake. Huyu asiye na ajira mlipieni, lakini mumpe kwa siri, mkononi kabla hamjaondoka, alipe mwenyewe chai yake mbele ya ndugu zake. Kijana wa miaka 23 kuomba riali mbele ya dada yake ni kumvunja. Na mjue riali moja ya Oman ni kama dola 2.6. Mtu anaona "riali tano tu", kumbe ni dola 13.

Paspoti_Mkobani

Naomba niseme kama mtoto, maana humu wote ni wazazi.

Mama yangu tukifika uwanja wa ndege anakusanya paspoti zetu zote, anazifunga na mpira wa pesa, anazitia kwenye mkoba mdogo ndani ya mkoba mkubwa ndani ya kanga. Mimi nina miaka 30. Foleni ikifika kwangu naitwa mbele, namgeukia mama, anaanza kufungua. Afisa ananitazama. Mama anatoa ya kaka, anarudisha, anatoa ya baba.

Mpeni kila mtu paspoti yake.

Na hilo la kundi la familia: Bi mkubwa, wewe ulitangaza, hukuuliza. Binti yako hajaikataa Salalah, kakataa kupewa taarifa. Muuguzi Uingereza anaomba likizo mapema na zinagombaniwa. Mpigie yeye peke yake kwanza, umuulize tarehe zake, halafu wengine wafuate. Mtoto wa mbali ndiye mwenye kalenda ngumu.

MamaWaVitambaa

Hilo la mpira wa pesa limenichoma. Mimi hutumia kitambaa.

Abu_Sumayya

Kuhusu mchumba, dada yangu. Hajawa mkwe bado. Akija peke yake atakuwa mgeni wa watu watano, kila akipiga chafya mnamtazama, na kwao watauliza alilala wapi. Kama nikaha iko karibu, subirini. Kama mnataka aje, aje na dada yake au shangazi yake, na mwaliko utoke kwako kwenda kwa mama yake, usitoke kwa kijana. Ila usimkatalie mwanao kwenye kundi mbele za watu.

Ubani_na_Karafuu

Mkwezi kauliza dafu la nini. Mwaka 1331 Ibn Battuta alikuja Mombasa na Kilwa, na alipoondoka Kilwa jahazi lilimpeleka moja kwa moja Dhofar, hukohuko Salalah ya leo. Akakuta minazi na migomba, na mifugo inalishwa dagaa. Kwa hiyo hii njia wenzetu wameipita zamani. Ukifika ule mstari wa vibanda vya ndizi, mapapai na madafu kandokando ya barabara utadhani uko Bumbwini, ila muuzaji anakutajia bei kwa riali.

Vijana hawatachoka kama hamtawafungia sokoni. Al Baleed ni magofu ya mji wa bandari, kuna jumba la makumbusho na njia ni tambarare, mzee anaimudu. Khor Rori ni bandari ya kale ya ubani, na yote mawili yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000. Wadi Darbat kuna mashua na ngamia wanakunywa maji mbele yenu. Jioni pandeni mlimani Ittin mkale madhbi, nyama inayochomwa juu ya mawe ya moto. Wa bima atakusahau, mama yake.

Moja silitanii: ufuko wa Mughsail. Bahari ya kharifu si ya kuogelea. Pale kuna matundu kwenye mwamba, mawimbi yanarusha maji juu, na watu wanavuka uzio wapate picha. Julai 2022 wimbi liliwasomba watu wa familia moja hapo. Wa mwisho wako mshike shati.

Mkwezi_Makunduchi

Nimekubali kushindwa. Mniletee ubani, ule mweupe unaopiga ukijani, si makombo.

MamaWaVitambaa

Narudi na majibu, maana nachukia mtu anayeomba ushauri akapotea.

Nilimpigia binti peke yake usiku. Julai hakuwa na likizo hata kidogo, na hakutaka kusema mbele ya wenzake asionekane ndiye aliyevunja safari. Istanbul aliitaja kwa sababu anaweza kufika kwa siku nne. Septemba ana siku tisa. Nauli atalipa mwenyewe, tena alishangaa nilipotaka kumlipia. Tumeongea saa nzima, jambo ambalo hatujafanya tangu Ramadhani.

Wa pili nimemwita pembeni. Kasema hata yeye alikuwa anauliza tu, mchumba mwenyewe haruhusiwi na babake. Alitaka aonekane ameulizia.

Fleti mbili, mlango kwa mlango. Mimi na mzee ndege, vijana na mama yao mdogo gari, mchana. Siku ya wa mwisho kashaitangaza: hakuna kwenda popote, na mimi nisipike.

Mdogo wangu kanuna kidogo kuhusu Julai, atapoa.

Binti ndiye aliyeshika kutafuta fleti. Jana kamtumia babake picha kumi na moja. Sita ni za choo. Mzee kavaa miwani, kazikuza moja moja, kasema hiki hapana, hiki kina maji karibu, hiki sawa.