MJADALA: Seneta aliyekosa kupiga kura ahesabiwe amepinga, mnasemaje?

Ndugu zangu, naomba hili tulijadili mapema, kabla uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 haujafika tukaanza tena kupimana kwa misafara na fulana. Msimamo wangu nauweka mezani moja kwa moja: seneta apimwe kwa kura alizopiga ndani ya ukumbi, na kura aliyoikosa bila sababu ya maana ihesabiwe kuwa amepinga. Mambo ya klipu za seneta akimfokea gavana kwenye kamati mpaka tunashangilia, au idadi ya mazishi aliyohudhuria, hayo tuyaweke kando kwanza. Najua wengi hamtakubali, ndio maana nauleta hapa.

Nianze na hesabu, manake watu wengi hawaijui na maseneta wenyewe hawana haraka ya kuieleza. Kifungu cha 123 cha Katiba kinasema jambo likiwa linahusu kaunti, kura inapigwa na ujumbe wa kaunti, yaani kaunti 47 kura 47. Seneta mliyemchagua ndiye kiongozi wa ujumbe, wale maseneta wateule waliojiandikisha kupiga kura kaunti yenu anatakiwa ashauriane nao, lakini kura inabaki moja. Na jambo halipiti mpaka liungwe mkono na wingi wa kaunti ZOTE, si wingi wa waliokuwa ukumbini saa hiyo. Wingi wa 47 ni 24. Sasa chukulia wako ndani 30, 23 wanasema ndio, 7 wanasema la. Jambo limeanguka! Kwa hiyo yule aliyesafiri, na yule aliyekuwa kwenye korido na simu sikioni mpaka kura ikafungwa, wote wamefanya kazi ileile ya aliyesimama akasema la, tofauti ni kwamba huyu wa korido Jumamosi atashika maikrofoni awaambie "mimi sikuwahi kupinga" na atakuwa hajasema uongo.

Chukueni kesi ya Mike Sonko. Desemba 17, 2020 Seneti ilimwondoa ugavana wa Nairobi kwa kura 27. Kilichotakiwa ni 24, sindio? Hao 27 wangepungua wanne tu, si lazima wapinge, wangechelewa tu kwenye foleni ya magari, basi zinabaki 23 na gavana anarudi ofisini asubuhi. Wanne tu. Hapo ndipo unaelewa kwa nini kabla ya kura kama hizi kunakuwa na pilkapilka za usiku kucha na simu haziachi kulia.

Na serikali yenyewe hesabu hii inaijua vizuri kuliko sisi. Mkumbuke 2020 wakati wa fomula ya kugawa pesa za kaunti. Fomula iliyokuwa mezani iliupa uzito mkubwa idadi ya watu, kaunti kama Kiambu na Nakuru zingeongezewa, Wajir, Mandera, Marsabit, Tana River na nyingi za Pwani zingekatwa. Seneti ikakwama wiki baada ya wiki, kikao kinaitishwa kinavunjika, hakuna upande unaofikisha 24. Agosti 17, siku ambayo kura ilikuwa inasubiriwa, polisi wakawakamata Cleophas Malala wa Kakamega, Christopher Langat wa Bomet na Steve Lelegwe wa Samburu, wote watatu wa ule upande wa Team Kenya uliokuwa unapinga. Polisi walisema wana uchunguzi wao, wenzao wakasema ni njama ya kuwaondoa ukumbini, na kikao cha siku hiyo hakikuamua fomula. Wewe amini upande unaoutaka, lakini jiulize, kiti kitupu kingekuwa hakina maana yoyote, yale yote yangekuwa ya nini? Mwishowe fomula ilipita Septemba baada ya Rais Uhuru kuahidi nyongeza, na mwaka wa fedha uliofuata mgao wa kaunti ukapanda kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370. Hiyo ni pesa ya zahanati na barabara za vijijini, ilipatikana kwa sababu watu walikaa kwenye viti vyao na kukataa kuondoka.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, hapa mnikosoe vizuri. Kura ya seneta ni ya nani? Ya kaunti, ya chama au ya dhamiri yake?

Kwenye ile vita ya fomula, Johnson Sakaja alikuwa seneta wa Nairobi, na Nairobi ilikuwa upande wa kupata. Yeye akasimama na waliokuwa wanapoteza, tena akiwa mmoja wa viongozi wao, akisema hatakubali fomula inayoigawanya nchi. Wapo wanaosema huo ni usaliti, wewe umetumwa na watu wa Nairobi, unaendaje kukataa pesa ya watu wa Nairobi? Hoja hiyo siibezi, Kifungu cha 96 kinasema wazi kazi ya Seneti ni kuwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake. Na ile hoja ya "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" ni halali pia, mgonjwa wa Kiambu ni mgonjwa sawa na wa Wajir. Lakini kwangu mimi alichofanya kinakubalika kwa sababu moja: alisema mapema, hadharani, akatoa sababu, na mpiga kura wake alijua anasimama wapi kabla ya kura. Seneta akienda kinyume na kaunti yake kwa njia hiyo, anaweza kuulizwa na anaweza kujibu. Ninachokataa mimi ni yule anayesema hivi kwenye redio ya nyumbani halafu ukumbini anapiga vile, au haonekani kabisa.

Chama ni balaa jingine. Mei 2020, wakati chama tawala cha Jubilee kinapasuka, Kithure Kindiki aling'olewa kwenye kiti cha Naibu Spika wa Seneti kwa kura 54 dhidi ya 7, maana hapo kila seneta alikuwa na kura yake. Hao 54 si kwamba wote walikuwa na ugomvi naye, kiranja wa chama alishapita na ujumbe ulishafika. Leo Kindiki huyohuyo ni Naibu Rais. Nendeni mkawaulize waliokuwepo wa pande zote mbili, waliosema ndio na wale 7, kura ile waliipiga kwa ajili ya nani, manake sioni kaunti hata moja iliyokuwa imelalamika kuhusu Naibu Spika. Wateule nawaonea huruma kidogo, wao kiti kinatoka mkononi mwa chama. Isaac Mwaura alitangaziwa 2021 kwamba kiti chake kiko wazi baada ya kukosana na chama chake, ikabidi akimbilie mahakamani. Lakini huyu wa kuchaguliwa, mwenye kura zetu mamia ya maelfu, anaogopa nini?

Mfano mwingine wa kwa nini nasema tusome rekodi yenyewe na si kichwa cha habari. Oktoba 17, 2024 usiku Seneti ilimwondoa Rigathi Gachagua kwenye unaibu rais. Hapo pia si kura za kaunti, ni kila seneta na kura yake, na inatakiwa theluthi mbili ya maseneta wote 67, yaani 45. Watu wanakumbuka "aliunga" au "alipinga" basi. Lakini mashtaka yalikuwa 11, na kila moja lilipigiwa kura yake. Yaliyopita ni 5. La kwanza lilipata 54, na mengine 6 yakaanguka kwa Seneti ileile usiku uleule. Kwa maana hiyo seneta mmoja aliamua mara 11, na wapo waliosema ndio hapa na la pale. Ukiniambia seneta wako alimwondoa Gachagua nitakuuliza kwa shtaka lipi, na ukiniambia alimtetea nitakuuliza hivyohivyo, kwa sababu aliyechambua moja moja amefanya kazi ya jaji na aliyegonga ndio mara 11 au la mara 11 bila kusita nina wasiwasi naye, hata kama yuko upande wangu.

Haki lazima itendeke pia upande wa pili. Juni 2024 nilisikia maseneta wakitukanwa kwamba walipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kodi. Hawakuupigia kura! Mswada wa pesa unaanzia na kuishia Bunge la Kitaifa, Kifungu cha 114, wabunge ndio waliopitisha Juni 25 kwa kura 195 dhidi ya 106. Ukitaka kumbana seneta kuhusu makato ya mshahara mbane kwa sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, hiyo ilipita kwake. Mbane pia kwa kilichofuata: Mswada wa Fedha ulipotupwa, mgao wa kaunti uliokuwa umeshafika bilioni 400.1 ulivutwa chini mpaka ukaishia bilioni 387.4. Hapo alisimama wapi?

Kuna wanaopenda kuhesabu miswada na hotuba. Mzalendo Trust, shirika linalofuatilia kazi za Bunge, wanatoa orodha yao kila mwaka ya nani anaongea na nani yuko kimya, kazi nzuri, inasaidia. Ila kuongea sana si kupiga kura vizuri, na mswada wa seneta unaweza kupita Seneti vizuri kabisa halafu ukafia Bunge la Kitaifa kwa kuambiwa ni wa pesa au kwa kuachwa tu mezani. Usimhukumu kwa hilo peke yake, muulize ulikwama wapi na alifanya nini ulipokwama.

Najua nitajibiwa kwamba kura nyingine hupigwa kwa sauti na hakuna majina yanayobaki. Kweli, lakini seneta anayetaka majina yaandikwe anaweza kuomba kura ihesabiwe, na anayekaa kimya muda wote tujue hataki jina lake lionekane. Nitaambiwa pia mwananchi hana muda wa kusoma Hansard, ile rekodi rasmi ya vikao, kurasa na kurasa, nyingi Kiingereza. Hili naliona kubwa zaidi na linaniuma. Lakini orodha ya kaunti 47, ndio, la, hakuwepo, inasomwa redioni kwa dakika tano. Stesheni zetu za lugha za nyumbani zinasoma matangazo ya vifo kila jioni jina kwa jina, hii orodha inashindikana vipi? Mtangazaji anayenisoma hapa, hebu anza wewe.

Na msiniletee habari ya kumrudisha seneta nyumbani kabla ya muda wake. Kifungu cha 104 kipo ndio, lakini tangu 2013 hakuna aliyewahi kurudishwa kwa njia hiyo, na 2017 Mahakama Kuu ilifuta vipengele vya sheria iliyotakiwa kukitekeleza. Kilichobaki mkononi mwetu ni debe tu, na kwenye debe tunaenda bila kujua alipiga kura gani.

Basi tujaribu na moja ambayo kila kaunti inahusika. Novemba 2023 Kawira Mwangaza wa Meru alifikishwa Seneti, kila shtaka likakataliwa, akarudi kazini. Agosti 2024 akafikishwa tena, akaondolewa. Gavana ni yuleyule, na karibu maseneta wote ni walewale, miezi tisa tu katikati. Wapo waliobadilisha kura, na inawezekana ushahidi wa pili ulikuwa mzito kweli. Taja seneta wako, useme mara ya kwanza alipiga nini, mara ya pili alipiga nini au hakuwepo, na sababu aliyotoa. Asiyeweza kutaja wa kwake aende akamuulize, halafu arudi hapa tuendelee.