Kazi moja, mishahara miwili: nianzie wapi kudai haki yangu?

Mhasibu wa Ziwani
Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi hapa Mwanza. Mwezi huu mwenzangu wa kiume, ambaye meza zetu zimepakana, aliniomba nimkagulie fomu ya mkopo wa benki, na nyuma yake alikuwa amebana hati yake ya mshahara. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 1,450,000 na wangu ni 1,100,000. Yeye ana posho ya nyumba, mimi sina. Cheo chetu ni kimoja, tuliajiriwa mwaka mmoja, tunafunga hesabu za mwezi kwa zamu, na anaposafiri mimi ndiye ninayeshika kazi zake zote. Nilipomgusia meneja rasilimali watu suala la mishahara, bila kutaja nilichokiona, alisema kampuni huangalia pia majukumu ya nyumbani, kwa kuwa wanaume wana familia zinazowategemea. Nidai vipi bila kumponza mwenzangu na bila kuhatarisha kibarua changu?

Mzee wa Hesabu
Pole, binti yangu. Kabla hatujamhukumu mwajiri, tueleze: je, mwenzako ana uzoefu wa miaka mingi kabla ya hapo, au ana CPA, yaani cheti cha taaluma ya uhasibu, nawe huna? Tofauti za namna hiyo zinaweza kuhalalisha mshahara mkubwa zaidi, na ndiyo hoja ya kwanza utakayokutana nayo.

Mhasibu wa Ziwani
Shikamoo, mzee wangu. CPA ninayo mimi. Yeye bado anaendelea na mitihani ya Bodi ya wahasibu. Uzoefu wetu haupishani. Tofauti ninayoikumbuka ni kwamba kwenye usaili niliulizwa nilikuwa nalipwa kiasi gani nilikotoka, nikataja, wakaniongezea kidogo juu yake.

Wakili Mtulivu
Dada, meneja wako amekupa hoja pengine bila kujua. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha wanawake na wanaume wanalipwa ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na kifungu hicho hicho kinakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia. Kwa hiyo anayesema "mwanaume ana familia" hajitetei, anakiri. Ibara ya 23 ya Katiba nayo inatoa haki ya ujira unaolingana na kazi bila ubaguzi wowote. Ukishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba haukuwapo unamhamia mwajiri.

Anza na barua ya malalamiko, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Yasipopatikana majibu ya maana, jaza Fomu Namba 1 na uipeleke Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ilipozuka. Ukichelewa itakubidi kwanza uombe kuongezewa muda na ueleze sababu, na huko ndiko kesi nyingi nzuri hufia. Usiridhike na ahadi za mdomo za "tutaliangalia kwenye bajeti ijayo" huku siku zinakatika.

Mama Wawili
Nakubaliana na wakili, ila tusiipite haraka habari ya usaili. Ukilipwa kidogo kwa kuwa ulikotoka ulilipwa kidogo, pengo linakufuata kila unakohamia. Nyongeza za asilimia nazo hulipanua: asilimia 5 ya mshahara wako ni shilingi 55,000, ya mwenzako ni 72,500. Michango ya NSSF, mfuko wa pensheni, hukokotolewa kutokana na mshahara, kwa hiyo hata uzeeni mtapishana.

Mzee wa Hesabu
Kwa maelezo hayo, binti yangu, naondoa shaka yangu. Kama kazini kwenu kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, nenda na mwakilishi. Ukiingia peke yako watakufanya mtu mwenye kinyongo na mwenzake.

Mhasibu wa Ziwani
Nashukuruni sana. Tawi lipo. Je, ile hati ya mshahara niiambatanishe?

Wakili Mtulivu
Hapana. Si yako, na ndiyo itakayomponza. Andika kwamba una sababu za kuamini kuwa wenye cheo chako wanalipwa zaidi, kisha uombe uelezwe kwa maandishi ngazi ya mshahara ya cheo hicho, vigezo vya kumpangia mtu ndani yake, na nani anastahili posho ya nyumba. Taja pia kauli ya meneja, tarehe aliyoitoa na aliyekuwapo. Kumbukumbu zote za mishahara anazo mwajiri, na mgogoro ukifika mbele, yeye ndiye atakayetakiwa kuzitoa.