Je, wodi inahitaji daktari bingwa wake wa tumbo na ini?

Mkazi wa Makorora:
Ndugu zangu, assalaam aleikum. Mjomba wangu alilazwa katika hospitali moja hapa Tanga akitapika damu nyeusi kama machicha ya kahawa, na endoskopia, yaani kipimo cha kupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi tumboni, ikasubiri siku tatu kwa kuwa bingwa alikuwa na wagonjwa wa nje kliniki. Je, hospitali ikimweka bingwa wa mfumo wa chakula anayeshughulikia waliolazwa tu, kutakuwa na nafuu ya kweli?

Muuguzi, Ngamiani:
Pole kwa kuuguza. Miongozo ya kitabibu inataka mgonjwa kama huyo afanyiwe endoskopia ndani ya saa 24, baada ya kuongezewa maji na, ikibidi, damu. Bingwa mwenye foleni kliniki hufika wodini jioni, naye amekwisha choka. Marekani wapo mabingwa wa namna hiyo, kwa mfano wa madaktari wa waliolazwa, ambao jina lao la Kiingereza, “hospitalist”, lilianza kutumika mwaka 1996.

Daktari, Raskazone:
Nakubali, ila bingwa peke yake hatoshi. Mpira wa endoskopia lazima usafishwe na kutakaswa kila baada ya mgonjwa mmoja. Usiku nani atausafisha? Mishipa ya damu ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, iliyovimba kwa ugonjwa wa ini hufungwa kwa vipete vya mpira, kama vimo kabatini.

Mkazi wa Makorora:
Ahsante, daktari. Vipete hivyo ndivyo tulivyoambiwa tukanunue Dar es Salaam, vikaletwa na basi la usiku.