Kliniki hapa Kisumu ilimsukumia mamangu maji sikioni bila hata kuangalia ndani!!

Wadau, hii hasira nimekaa nayo wiki tatu na leo lazima niitoe. Jina la kliniki siweki hapa, juu barua ya malalamiko bado naiandika, lakini iko hapa mjini na kila siku imejaa watu, hiyo ndiyo inaniogopesha.

Mamangu anauza omena soko la Kibuye. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba miezi kadhaa, mteja akisema mia mbili yeye anasikia mia tatu, ikawa ni ugomvi kila saa. Alijaribu unyoya wa kuku, akajaribu vijiti vya pamba, vyote vikazidi kusukuma nta ndani. Jirani akaleta hadi ule mshumaa wa kuwasha sikioni (hiyo kitu ya kahawia inayobaki ni nta ya mshumaa wenyewe jameni, haijatoka kwa sikio la mtu). Nikamwambia mama wacha kuchokonoa, twende kwa watu wenye wamesomea. Mimi ndiye nilimpeleka, na hiyo inaniuma sana.

Tumefika, nimelipa 1,200 kwa M-Pesa, kijana wa koti jeupe akaingia akauliza "sikio gani?" Basi, swali ni hilo tu. Hakuuliza kama linauma, kama limewahi kutoa usaha, kama amewahi kupasuliwa sikio. Katochi ka kuangalia ndani ya sikio kalikuwa hapo mezani, nilikaona na macho yangu, na hakukagusa! Akachukua sirinji kubwa, akavuta maji ya mfereji, baridi hivyo hivyo, akasukuma kwa nguvu. Mama akashika kiti akasema nyumba inazunguka, akajitapikia. Kijana anamwambia "vumilia mama, inatoka", akasukuma tena. Mara ya tatu mama akapiga nduru, akasema maji yanashuka kooni.

Yanashuka KOONI. Mimi sikujua maana yake, mimi ni fundi wa simu. Lakini mtu anayeosha masikio ya watu kwa pesa alifaa ajue kwamba maji ya sikio hayana njia ya kufika kooni kama kiwambo, ile ngozi nyembamba ya ndani ya sikio, ni kizima.

Usiku hakulala, asubuhi mto una majimaji yenye damu. Tukarudi, yule dada wa mapokezi anasema ni kawaida, ni maji yaliyobaki. Nikauliza jina la aliyemhudumia, ati yuko likizo. Risiti imeandikwa "huduma ya sikio" na hakuna jina wala sahihi.

Ikabidi nitafute klinikal ofisa wa masikio, pua na koo. Huyo alimuuliza mama maswali karibu dakika kumi kabla hajamgusa, na hapo ndipo mama akakumbuka kwamba akiwa msichana mdogo hilo sikio lilikuwa linatoa usaha, miaka mingi. Kuangalia ndani, kiwambo kina tundu. Ofisa akasema ukweli, hawezi kuapa kama tundu ni la zamani au lilipasuka siku hiyo, lakini vyovyote vile hilo sikio halikufaa kupigwa maji. Akanieleza kwamba mwenye tundu, mwenye maambukizi au aliyewahi kupasuliwa sikio anatolewa nta bila maji, inavutwa na kamrija kembamba ka mashine huku mtu anaangalia ndani na darubini. Na ata kwa sikio zima nta ngumu inalainishwa kwanza na matone ya mafuta ya zeituni siku tatu hadi tano, alafu maji yawe na joto la mwili, kama digrii 37, juu yakiwa baridi yanavuruga ile sehemu ya ndani inayoshikilia mtu asiyumbe. Ndio maana nyumba ilizunguka. Na mgonjwa akisema anaumia unaacha hapo hapo, humwambii avumilie.

Sasa kuna mtu atakuja hapa aniambie hospitali zetu hazina vifaa. Kifaa kilikuwa mezani! Kuuliza "umewahi kutoa usaha?" kunahitaji kifaa gani? Hiyo mashine ya kuvuta sikuitarajia kliniki ndogo kama ile, lakini kama huna si unaangalia, unaona tundu, unamwambia mama nenda mbele kwa wenye nayo. Hiyo 1,200 ata wangebaki nayo, singesema kitu.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mteja ana haki ya huduma zenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi huduma hizo kikamilifu. Mamangu hakupewa habari yoyote, ata kuambiwa kuna hatari gani hakuambiwa. KMPDC, lile baraza la madaktari la Kenya, ndio wanapea vituo vya afya leseni na malalamiko wanapokea, barua inaenda huko.

Sai mama akioga anaziba sikio na pamba yenye vaselini, na sokoni anageuza kichwa ndio asikie na la kulia. Kipimo cha kusikia ni mwezi ujao. Kama wewe au mtu wako alisukumiwa maji hivyo hapa mjini bila kuangaliwa ndani, andika hapa chini ilikuwa lini na nini kilitokea, na kama una risiti usitupe.